Ukungu umemla nani?

Nilipoteza bano (nyinyi wa Tanzania mnaziita gololi) kumi na moja Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mchana kweupe, kwa mtoto wa Gredi ya Sita ambaye hajawahi kumiliki kamera. Bano zenyewe hazikuwa zangu. Nilikuwa nimezikopa kwa wenzake na kuapa kwamba zitarudi kabla ya saa kumi na moja. Deni hilo nililipa wiki iliyofuata kwa kununua pakiti nzima dukani. Lakini aibu yake bado ninayo: nilibisha mbele ya watoto kumi na wanne juu ya jambo nililolifundisha miaka sita, picha ikaja, ikanisuta.

Kila Jumamosi alasiri huwa nafundisha upigaji picha katika ukumbi mmoja wa mtaa huko Jericho, Eastlands, Nairobi. Ada hakuna, mishahara hakuna, na vifaa ndiyo hivyo tena. Tuna kamera mbili za mitumba, zote za ile sensa (kibamba kinachonasa picha) iliyo ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, pamoja na lenzi moja ya milimita 50 inayofunguka mpaka f/1.8. Hiyo lenzi ndiyo mali yetu. Pete yake ya mbele imeshikiliwa na gundi, na mtu akiishika kwa mikono yenye mafuta ya mandazi atasikia yangu.

Somo lililokuwa likinishinda ni la apacha, lile tundu la lenzi linaloingiza mwanga. Mimi mwenyewe nilifundishwa kwa chaki, katika chuo kimoja cha jioni mjini, na mwalimu aliyekuwa akiuambia ubao mambo mengi kuliko alivyotuambia sisi. Nami nikarithi ugonjwa huo. Nikachora duara lenye visu sita vinavyofunga na kufungua, nikaandika 1.8, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, nikasema: nambari ikipanda, tundu linapungua. Msichana mmoja wa mbele akainua mkono.

"Ticha, sasa si wangeandika vizuri tu?"

Nikamwambia ndivyo ilivyo. Jibu la mwalimu aliyechoka. Baada ya nusu saa nusu ya darasa ilikuwa imeponyoka kupitia mlango wa nyuma, iko kwenye vumbi inacheza bano, nami nimebaki na watoto wa heshima wanaopiga miayo kwa siri.

Tundu lenyewe nililiokoa kwa chapati. Ile f ni urefu wa lenzi katika hesabu, kwetu sisi milimita 50, na mstari unaofuata ni wa kugawanya. Kwa hivyo f/2 ni chapati moja inayoliwa na watu wawili, f/16 ni chapati hiyohiyo imevamiwa na watu kumi na sita. Kipande chako kitakuwaje? Milimita 50 ukigawa kwa 1.8 unapata kama 28, yaani karibu kifuniko cha soda. Ukigawa kwa 16 unapata 3 na kidogo, punje ya ndengu. Tukaleta kifuniko, tukaleta ndengu kwa mama wa githeri pale nje, tukaviweka juu ya meza. Hapo hakuna aliyeuliza tena kwa nini nambari kubwa ni tundu dogo. Waliuliza tu kwa nini kutoka 4 tunarukia 5.6 badala ya 5, na jibu lake ni kwamba kila hatua inakata eneo la tundu nusu, mwanga nao nusu, na ukitaka eneo la duara lipungue nusu lazima upana ugawanywe kwa 1.4 hivi.

Lakini hilo ni tundu. Kilichobaki ndicho kigumu: punje ya ndengu ina uhusiano gani na mtu aliyesimama nyuma kuonekana vizuri?

Swali hilo mimi limenigharimu. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya rurasio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, upande wa Limuru. Ukoo mzima ukapangwa safu tatu: watoto chini kwenye mkeka, akina mama kwenye viti, wazee na shosho wa bibi harusi, yaani nyanya yake, nyuma wamesimama. Mimi mtoto wa Kisauni, Mombasa, nilikuwa nimenunua lenzi ya f/1.8 wiki hiyo, na nilikuwa na ulevi nayo. Kila kitu kilipigwa f/1.8, hata sufuria ya mukimo. Nikasimama kama mita nne, nikalenga watoto wa mbele, nikabonyeza. Nikaangalia skrini ndogo ya nyuma ya kamera, nikaona wote wako sawa, nikala, nikaaga.

Baada ya siku nne nikapigiwa simu. "Kijana, hebu tuulize. Shosho yuko wapi?"

"Yuko nyuma, mama, katikati."

"Yule ni shosho ama ni moshi?"

Katika karatasi kubwa ya kutundika ukutani, watoto na soda zao mlikuwa mnaweza kuhesabu mapovu. Shosho alikuwa kama sabuni iliyolowa. Kwa lenzi ile, kwenye sensa ile, umbali wa mita nne, eneo linaloonekana vizuri halifiki nusu mita, na safu tatu za ukoo zinataka zaidi ya mita moja. Ningefunga hadi f/8 ningepata mita mbili na ushee, nikamkamata shosho na hata mbuzi aliyepita nyuma. Nilirudisha nusu ya pesa. Shosho mwenyewe, nikaja kuambiwa, alicheka sana.

Sasa turudi kwenye bano.

Jumamosi iliyofuata ile ya miayo nilifanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya miaka sita nyuma: nikawafuata kwenye vumbi. Nikachora mstari wa chaki kwenye saruji ya varanda, nikaweka rula, nikapanga bano kumi na saba kila baada ya sentimita mbili. Ya katikati ilikuwa ya buluu. Kamera nikailaza juu ya mfuko wa mchele, nikaipandisha kiasi ili bano za mbele zisizifiche za nyuma, mita moja kutoka kwa ile ya buluu. Sheria ilikuwa fupi. Nataja nambari, kila mtu anasema ni bano ngapi zitatoka safi mbele ya buluu na ngapi nyuma yake, anaweka dau, halafu napiga. Aliyepatia anabeba.

Duru ya kwanza ilikuwa f/1.8, ya kuonja tu, bila dau. Ikatoka buluu peke yake, zile mbili za jirani zimeanza kuyeyuka. Watoto wakapiga kelele kana kwamba Gor imefunga. Yule wa Gredi ya Sita hakupiga kelele. Alitaka kuona skrini. Akaikuza kwa vidole, akatazama ya mbele, akatazama ya nyuma, akanyamaza.

Duru ya pili, f/8. Nikajitosa mimi mwenyewe. Kila mpiga picha ameambiwa kanuni hii: katika eneo lililo safi, theluthi moja iko mbele ya ulipolenga na theluthi mbili ziko nyuma. Nilijua kwamba bano sita zingetoka safi kando ya buluu, kwa hivyo nikasema kwa sauti ya mtu mzima: mbele mbili, nyuma nne. Dau, bano tatu.

"Mbele tatu, nyuma tatu," akasema yule mtoto.

Nikamwonea huruma. Nikamweleza kanuni, taratibu, mbele ya wenzake. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema: "Sawa, ticha. Tatu, tatu."

Ikatoka tatu mbele na tatu nyuma.

Nikasema mstari umepinda. Tukaupima, haujapinda. Nikaweka dau la bano nne kwa f/5.6, nikisema mbele moja nyuma tatu, yeye akasema mbili mbili. Ikatoka mbili mbili. Hapo mtu mwenye akili angefunga mkoba. Mimi nikaweka nne nyingine kwa f/11, na nadhani mmeshajua zilikoishia.

"Ulijuaje?" nikamwuliza.

"Ile ya kwanza, ticha. Ya mbele na ya nyuma zilikuwa zimeharibika sawasawa. Nikaona, kwa nini hizi zingine zibadilike?"

Usiku huo nikakaa na kalamu. Kanuni ya theluthi si ya uongo mtupu, ila ina mahali pake pamoja tu. Kila lenzi, kwa kila nambari ya apacha, ina umbali fulani ambao ukiulenga, kila kitu kuanzia nusu ya umbali huo mpaka upeo wa macho kinatoka vizuri. Kwa lenzi yetu ikiwa f/8, umbali huo ni kama mita 15 na nusu. Ukilenga kwenye theluthi ya umbali huo, yaani mita 5 na kidogo, ndipo mbele unapata theluthi moja na nyuma mbili, barabara kabisa. Ukisogea karibu zaidi, pande mbili zinaanza kulingana. Ukifika mita moja, tofauti yake haifiki hata sentimita moja. Ukilenga mbali zaidi, upande wa nyuma unavimba mpaka hauna mwisho. Hesabu hiyo ni ya kidato cha pili. Miaka sita sikuwahi kuifanya kwa sababu kanuni ilikuwa imekaa vizuri mdomoni.

Wiki iliyofuata nikawaambia nilikosea. Walipokea habari hizo kwa furaha isiyo na staha.

Bano ni ndogo na watoto ni wengi, kwa hivyo mchezo ukakua. Tukachukua kamba ya mita sita, tukaifunga fundo kila sentimita kumi, tukainyoosha uwanjani kuanzia miguu ya stendi ya kamera. Mtoto mmoja anakuwa nguzo, anasimama mita mbili kutoka kwenye lenzi, na kamera inamlenga yeye. Wengine wanachukua kila mmoja ukurasa wa gazeti. Nambari inachotwa kwenye kofia. Ikishatajwa, unakwenda kusimama kwenye fundo unaloona ndilo la mwisho kabla ya ukungu, mbele ya nguzo au nyuma yake, upande huu au ule wa kamba ili msizibane, na gazeti umelishika kifuani. Picha inafunguliwa kwenye laptopu. Kichwa kidogo cha habari kwenye gazeti lako kikisomeka, u mzima. Kisiposomeka, ukungu umekula. Anayeshinda ni mzima aliyesimama mbali zaidi na nguzo, kwa hivyo woga haukusaidii; ukijibana karibu na nguzo utaishi, ila hutashinda kamwe.

Hakuna aliyewahi kutamka "kina cha uga", jina la kitabuni la eneo linaloonekana safi, pale uwanjani. Eneo la wazima waliliita boma. "Boma ya nane ni kubwa, ingia!" "We, boma imefungwa, toka hapo!" Nimeshaanza kulitumia neno hilo hata na wateja.

Kwa f/1.8 boma lina upana wa sentimita kumi na moja hivi, fundo moja, na nguzo mwenyewe anaweza kuliwa. Mmoja alipiga chafya wakati wa kubonyeza, kichwa kikaenda mbele, gazeti likabaki nyuma, akafa yeye mwenyewe aliyelengwa. Kwa f/8 boma linafika nusu mita. Kwa f/16 linapita mita moja, na hapo ndipo wale wa kujaribu bahati huonekana wakirudi nyuma kinyumenyume, macho kwenye mafundo, midomo ikihesabu.

Wizi ndio uliotufundisha sehemu iliyobaki. Kuna wasichana wawili ambao kwa wiki mbili mfululizo walishinda kila walipocheza na nguzo yuleyule. Nikaanza kumtazama miguu. Nambari ikishatajwa, huyo bwana alikuwa akirudi nyuma kwa visigino, kidogokidogo, fundo moja, fundo mbili, na kamera inamfuata. Walikuwa wamegundua, bila mtu kuwaambia, kwamba umbali una nguvu kuliko apacha: nguzo akitoka mita mbili hadi nne, boma la f/8 linapanuka kutoka nusu mita hadi zaidi ya mbili. Niliwaadhibu kwa kuwafanya waeleze darasa walivyoiba. Lilikuwa somo bora la muhula mzima.

Kisha kuna kesi ya unga. Mtoto mmoja alisimama mpakani kabisa, na nusu ya darasa ikaapa kwamba gazeti lake linasomeka UNGA, nusu nyingine ikaapa ni JANGA. Dakika ishirini zikaisha hapo. Ukitazama kwenye skrini ya kamera, ni UNGA bila shaka. Kwenye laptopu, ukikuza, ni JANGA, au MANGO, au chochote upendacho. Na wote walikuwa na haki, kwa sababu boma halina ukuta. Kitu kimoja tu ndicho kilicho safi kabisa, ile sehemu nyembamba iliyolengwa. Kuanzia hapo kila kitu kinaharibika polepole, pande zote mbili, na mpaka ni pale jicho linapoanza kulalamika. Zile namba zangu za sentimita zimekadiriwa kwa picha ya kiasi inayotazamwa kwa umbali wa mkono. Kuza picha, na boma linakuangukia. Nikamkumbuka shosho wa Limuru, aliyekuwa mzima kwenye skrini yangu ya inchi tatu.

Hapa nitoe dukuduku langu. Watoto walipoonja f/1.8 walitaka kila kitu kiwe ukungu, kama mimi na sufuria yangu ya mukimo. Nikawapeleka mjini, KICC, lile jumba refu la mikutano, tukasimama karibu na wale wapiga picha wa pale uwanjani wanaopiga wageni na kuwachapia papo hapo. Mtu ametoka Kitui au Busia, amevaa suti, ameajiri mpiga picha ili nyumbani waone amesimama chini ya jengo la ghorofa 28. Ukilifanya jengo liwe ukungu umemwibia. Wale mafundi wanafunga tundu, wanainama chini, wanamleta mteja na mnara wote kwenye boma moja, na hawaombi sifa mtandaoni. Mwaka 1932 kule San Francisco wapiga picha akina Ansel Adams na Edward Weston walianzisha kundi lao wakaliita f/64, kwa jina la tundu dogo kabisa, kwa kuwa walitaka kila jani na kila jiwe lionekane. Hao wa KICC wangekaa nao meza moja.

Mwezi wa saba mchezo ulikaribia kufa. Nairobi ya Julai mnaijua, mbingu kama sufuria iliyofunikwa. Ukichota f/16 kwenye kofia, tundu limekuwa punje ya ndengu na mwanga wenyewe hamna, shata, ule mlango wa mwanga ndani ya kamera, inabidi ikae wazi muda mrefu, na watoto hawawezi kutulia. Wakatoka na ukungu wa aina nyingine, wa mikia na vivuli; huo wakauita mzimu. Ukungu unakula waliosimama vibaya, mzimu unakula wanaotikisika. Sijui kitabu kinachozitofautisha vizuri zaidi.

Simu za wazazi tulizijaribu mara moja. Lenzi yake ni fupi mno, milimita chache, hivyo tundu ni dogo hata likiwa wazi kabisa, na kila mtu kwenye kamba anaishi. Ule ukungu wa simu ni wa kubandika kwa hesabu, na ulimkata msichana mmoja nusu ya rasta zake. Wakaipa simu kadi nyekundu.

Magazeti, sasa. Magazeti yalikuwa ya mzee anayelinda lango la ukumbi. Huyaweka kwa ajili ya kuuzia wachuuzi wa kufungia, na alitukopesha kwa sharti yarudi bila kukunjwa vibaya. Kila Jumamosi alikuwa akikaa kwenye kiti chake, Taifa Leo ameinyoosha mikono yote miwili mpaka mwisho, kama mtu anayesukuma mlango. Siku moja akaniuliza hao watoto wanapigia nini kelele. Badala ya kumweleza nikakata kipande cha pakiti ya majani ya chai, nikakitoboa kwa pini, nikampa. "Mzee, fumba jicho moja, weka hiki karibu kabisa na jicho la pili, halafu lete gazeti hapa." Nikalisogeza mpaka shubiri moja na nusu kutoka usoni.

Akakaa kimya. Midomo ikaanza kusogea.

"Wewe mwalimu," akasema bila kutoa kadi jichoni, "umeweka nini hapa?"

Sijaweka kitu, nimepunguza. Mboni ikiwa wazi, kila nukta ya wino inaingia kwa upana, na lenzi ya jicho la mzee, iliyokakamaa kwa miaka, haiwezi tena kuikusanya ikiwa karibu. Inatua nyuma ya jicho kama duara, na maduara yanapandana. Tundu la pini linabana njia, duara linakuwa dogo, herufi zinarudi. Nikamwambia hii si dawa, aende apimwe, miwani ya kusomea si ghali. Akasema ataenda. Kadi akaiweka kwenye mfuko wa shati, pamoja na kitambulisho.

Alikuja kugundua kasoro yake mwenyewe. Kivulini haifanyi kazi. Sasa ujumbe ukiingia kwenye simu yake utamwona akiinuka kitini, anatoka chini ya mti, anasimama katikati ya uwanja juani, kadi jichoni, watoto wanampisha na kamba yao.

Jumamosi iliyopita tulichelewa. Nilikuwa nafunga stendi, saa kumi na mbili na nusu, giza la Nairobi ambalo haligongi hodi. Mzee akanijia na simu mkononi na kadi kwenye mkono mwingine.

"Jua limeniacha, mwalimu. Hebu nisomee."

Ilikuwa M-Pesa. Shilingi mia tano, kutoka kwa binti yake. Nikamsomea mara mbili, pamoja na salio.